Nzi wa Boksi Namba Saba

Inspekta Ndululu alimweka nzi mezani, katikati yake na Kanini, kisha akanyamaza. Ndiyo ilikuwa desturi yake. Mtu akinyamaziwa vya kutosha atasema jambo, hata kama ni kuuliza choo kiko wapi.

Nzi mwenyewe hakuwahi kuruka. Alikuwa ndoano ndogo iliyovishwa mwili wa uzi wa njano, mabawa ya nywele nyeupe za mkia wa ndama, na kola ya unyoya wa jogoo shingoni. Huko Ulaya watu huwarusha nzi kama hawa kwenye mito baridi ili kuwahadaa samaki. Hapa Wote, mji wetu wa Ukambani, ambako mto una mchanga kuliko maji, wanawake huketi kwenye karakana ya Mbithi kutwa nzima wakiwafunga kwa mkono, mmoja mmoja, na hakuna kati yao aliyewahi kumwona huyo samaki.

"Unaijua hii?" Ndululu aliuliza hatimaye.

Kanini aliinama. Tangu akamatwe jana jioni, kwenye benchi la wodi ya watoto, alikuwa amesema mambo mawili tu: kwamba hakumpiga Mbithi, na kwamba anataka kujua mtoto wake ameamkaje. Alimgeuza yule nzi kwa ukucha. Akaangalia kichwa, pale uzi unapomalizikia. Akakawia hapo.

"Ni yangu," alisema.

"Una hakika?"

"Ilipatikana wapi?"

"Kwa sweta ya Mbithi. Begani."

Kanini aliondoa ukucha. "Basi ni yangu, afande. Lakini mimi sikumpiga."

Ndululu alimrudisha nzi kwenye bahasha ya plastiki. Alikuwa ameshika wezi na wauaji miaka mingi, na wote walikuwa na mpangilio mmoja: hukikana kitu kwanza, ukikithibitisha ndipo hukikana kitendo. Huyu alikuwa amekubali kitu haraka haraka, kitu chenyewe kinachomfunga, halafu akakana kitendo. Hilo lilimkera kama nyama kwenye jino.

"Mtoto wako amekunywa uji asubuhi," alisema akisimama. "Sajenti wangu alipitia huko."

Ndipo Kanini alipolia.

*

Mambo yalikuwa hivi. Ijumaa mchana Kanini aliomba ruhusa kwa Mbithi, mwenye karakana, atoke mapema aende hospitalini. Mbithi akakataa. Wakapandishiana sauti, kila mtu akasikia, na Kanini akachukua mkoba wake akaondoka. Mbithi alisikika mara ya mwisho kwenye simu saa kumi; saa kumi na moja akakutwa sakafuni mwa stoo, kichwa kimepasuka, na ngozi zote za jogoo zimetoweka. Si jogoo hawa wetu wa kuchinjwa Krismasi. Hizo ni ngozi zinazoagizwa ng'ambo, za majogoo waliofugwa kwa ajili ya manyoya tu, na moja huuzwa bei ambayo ungedhani ni ya mbuzi. Mbithi alikuwa bado hajafumbua macho, na wodini hakuna aliyejua Kanini alifika saa ngapi. Jumatatu asubuhi Kanini angesimama mbele ya hakimu, na Mbithi akifa, shtaka lingekuwa la mauaji.

"Kesi imeisha, si ndiyo?" alisema Sajenti Filsan wakiwa njiani. Filsan alizaliwa Kyuso, kwa Wasomali wa sokoni, na Kikamba chake kiliwashinda Wakamba wa Wote. Aliwakumbusha kila alipopata nafasi. "Ugomvi uko, nzi iko, mwenyewe amekubali ni yake."

"Ndiyo. Imeisha vizuri mno," alijibu Ndululu.

Karakana ilikuwa nyumba ndefu ya mawe yenye madirisha mapana upande wa mashariki. Jumamosi hiyo wanawake walikuwa wameitwa lakini hawakufanya kazi. Walikaa kwenye viti vyao, mikono mapajani, mbele ya vibano vidogo vya chuma vinavyoshika ndoano. Ben, msimamizi, aliwapokea mlangoni. Alikuwa mtu nadhifu, wa maneno laini, na ufunguo ulining'inia shingoni mwake kwa kamba nyekundu.

"Karibuni sana, afande. Tumeumia kweli. Bosi alikuwa baba kwetu."

"Ni baba bado. Hajafa," Ndululu alisema. "Nieleze vile kazi inaenda."

Ben alieleza, na alieleza vizuri. Kila mfungaji ana meza yake na boksi lake lenye namba. Jumatatu hugawiwa aina ya nzi atakayefunga wiki hiyo. Alhamisi jioni maboksi huhesabiwa na kufungiwa stoo. Ijumaa wanaanza kazi nyingine. Funguo za stoo ni mbili: yake na ya Mbithi. Ya Mbithi ilikutwa mfukoni mwake.

"Na mtu akisaidia mwenzake?"

"Hapana. Hiyo ni sheria ya kwanza hapa. Hakuna mtu anagusa boksi ya mwenzake. Ukishikwa, unaenda nyumbani, na yule umesaidia pia. Mteja anataka nzi wote wa boksi moja wafanane, wawe mkono mmoja."

"Hawa wa njano?"

"Namba saba. Kanini. Wiki hii yeye peke yake ndiye alipewa njano."

"Ulimwona akiwafunga?"

"Kwa macho yangu," alisema Ben. "Jumatano alikuwa pale, njano tupu imejaa kwa meza."

Ndululu alienda mpaka meza ya saba. Kwenye kibano kulikuwa na nzi mweusi ambaye Kanini alimwacha Ijumaa alipoondoka kwa hasira. Inspekta alivaa miwani. Kichwa cha nzi huyo kilikuwa kidogo, cha mviringo, kimekaa kama punje ya ndengu. Akatoa bahasha mfukoni, akamtazama yule wa njano. Kichwa chake kilikuwa kirefu, chembamba mbele, kama punje ya mchele.

Aliangalia pia picha ya bega la sweta aliyokuwa nayo. Ndoano ikimnasa mtu kwenye purukushani hurarua uzi. Hii ilikuwa imepita ikatoka, ikakaa wima, kama vile mama wa kanisa anavyobandika beji yake Jumapili. Akavua miwani na kuuliza kama kuna chai.

*

Kulikuwa na jambo moja la kuondoa njiani. Mlinzi wa duka la jirani aliona pikapu ya Gabow, mfanyabiashara wa mifugo kutoka Kyuso, nyuma ya karakana Ijumaa saa tisa. Walimkuta Gabow soko la mbuzi, amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akigombana na mtu kuhusu beberu. Alipomwona Filsan alisimama.

"Dada, hata wewe? Nikikuona na sare najua leo siuzi."

"Utauza, walaal, ndugu yangu. Jibu tu maswali ya mkubwa."

"Ulifuata nini kwa Mbithi jana?" Ndululu aliuliza.

"Magunia yangu. Mimi ndiye huwaletea mikia ya ndama, ile ya mabawa. Nilipeleka Jumatano, jana nikarudia magunia matupu. Toka saa kumi mpaka kumi na moja nilikuwa msikitini. Uliza imamu, uliza na yule anauza tende nje. Nilikosana naye kuhusu viatu."

Filsan alijitenga kupiga simu, akarudi akiitikia kwa kichwa: ni kweli, hata viatu ni kweli. Ndululu alikuwa ameshageuka aondoke pale Gabow alipoongeza, kwa uchungu wa mtu anayehisi ameshukiwa bure.

"Na si hata mngeuliza yule mama Kanini. Yeye ndiye hunichagulia mikia, anajua nzuri na mbaya. Jumatano hakuwako, nikasumbuka peke yangu."

Ndululu alisimama. "Hakuwako?"

"Kiti kilikuwa tupu. Waliniambia yuko hospitali na mtoto tangu Jumatatu."

"Na Ben?"

"Ben alikuwa Nairobi na mizigo ya uwanja wa ndege. Angekuwako ningelipwa haraka. Mbithi huyo hatoki ofisini, ni yeye na simu. Ben nilimwona jana. Akaniuliza kama nina nafasi nimbebee gunia moja mpaka Mwingi. Nikamwambia gari imejaa mbuzi, hata kuku hatapata kiti."

Filsan na Ndululu walitazamana. Mbuzi mmoja alianza kula kamba za viatu vya Inspekta, naye akamwacha ale.

"Alisema amemwona kwa macho yake," alisema Filsan polepole.

"Jumatano. Akiwa Nairobi." Ndululu aliuondoa mguu wake. "Tafuta hakimu wa zamu akupe hati ya kupekua nyumba ya Ben. Mimi narudi kwa kina mama. Kuna mtu alijaza hilo boksi, na hawezi kuwa shetani."

*

Aliwarudia wanawake baada ya chakula cha mchana. Alimwomba Ben asubiri ofisini, akafunga mlango, akavuta kiti hadi mbele yao.

"Nataka kila mmoja anifungie nzi mmoja wa njano," alisema. "Polepole. Vile huwa mnafunga."

Waliangaliana. Nzisa, mkubwa wao kwa umri, mama wa nywele nyeupe chini ya kitambaa cha kanisa, ndiye aliyeanza. Kisha wote wakaanza. Chumba kikajaa ule mlio mdogo wa uzi unaovutwa. Ndululu alitazama vidole vikizunguka, manyoya yakisimama, tone la vanishi likishuka kwenye kila kichwa. Ilikuwa kazi ya kupendeza kuitazama, na kwa muda alisahau kwamba alikuwa askari.

Walipomaliza alipanga nzi wao kwenye karatasi nyeupe na kuvaa miwani. Akainama. Akaenda hadi mwisho wa mstari, akarudi.

Vichwa vyote vilikuwa virefu, vyembamba mbele. Vyote vilikuwa punje za mchele.

Ndululu alicheka. Hakujizuia. "Kina mama, leo mmeacha mikono yenu nyumbani, mkaazima mmoja."

Kaveke, msichana wa meza ya tisa, alikuwa anatazama sakafu.

"Kumbe mnajuana mikono hivyo," alisema Ndululu, sasa bila kicheko. "Mama yangu alikuwa anasuka vyondo, vikapu vyetu vya mkonge. Akiona kyondo sokoni Kibwezi anakuambia, huyu ni fulani, mke wa fulani, na siku hiyo alikuwa na hasira. Nyinyi mliponiona na hii bahasha asubuhi mlijua ni mkono wa nani. Kanini pia alijua. Na mnajua ameniambia nini?"

Akaweka bahasha kando ya karatasi.

"Ameniambia ni yake."

Kaveke akainua uso.

"Anaenda kortini Jumatatu akisema hivyo. Mtoto wake akitoka wodini atachukuliwa na nani, mimi sijui. Labda nyinyi mnajua."

Kaveke alisimama. Kiti chake kikagonga meza. "Afande, ni mimi. Ni yangu. Nifunge mimi."

"Kaa chini, mtoto," alisema Nzisa.

"Mwaitu, mama yangu, siwezi kukaa. Kanini ananibebea."

"Nimesema kaa." Nzisa hakupandisha sauti, na Kaveke alikaa. Mama huyo alimgeukia Ndululu, akamkazia macho vile mama mkwe humkazia mkwe aliyechelewa na mbuzi wa mahari. "Wewe ni Mkamba, Inspekta?"

"Wa Kathonzweni, mwaitu."

"Basi unajua mwethya."

"Naujua." Alikuwa ameshiriki mwethya tangu ujana, kama kila mtu. Shamba la mgonjwa likichelewa mvua, majirani huja na majembe yao wakalima, wakala muthokoi, wakaenda. Hakuna anayeombwa, na hakuna anayeshukuriwa sana, kwa sababu kesho ni zamu yake.

"Jumatatu mtoto wa Kanini alizidiwa. Boksi likibaki tupu Alhamisi, hana kazi. Tukasema, kidole kimoja hakivunji chawa. Kila mtu akimaliza kwake anachukua kidogo ya namba saba. Huyu anavisha mwili, huyu anaweka mabawa. Kaveke ana macho mazuri, kwa hivyo yeye alimalizia vichwa vyote vya njano. Jumatano jioni boksi lilijaa. Mbithi hakuona, haingii huku. Ben aliondoka Jumatatu baada ya kugawa kazi, akarudi Alhamisi jioni, akahesabu, akafunga, akasema Kanini amefanya vizuri wiki hii." Mdomo wa mama huyo ulicheza kidogo. "Tulikubali kwamba amefanya vizuri."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekuambia nini? Nzi imepatikana kwa mtu aliyepigwa. Tukisema ni ya Kaveke, unamfunga Kaveke. Tukinyamaza, unamfunga Kanini. Na tukisema mwethya, tunafukuzwa wote. Tangu asubuhi tunaomba Mungu na hatujui tumwombe nini."

Ndululu akauliza swali moja, na aliliuliza kwa uangalifu.

"Ijumaa Kanini aliporudi, alishika hata mmoja wa wale wa njano?"

"Angeshikaje? Walikuwa wamefungiwa stoo. Alipewa nyeusi asubuhi, na nyeusi iko pale kwa kibano."

"Na nyinyi?"

"Tangu Alhamisi jioni hakuna."

"Asante, mwaitu." Alisimama, akafungua mlango. "Ben. Njoo, tafadhali."

Ben aliingia akikunja mikono ya shati. Aliona wanawake wanavyomtazama, akasimama kabla ya kufika katikati ya chumba.

"Nisaidie kitu kimoja," Ndululu alisema. "Hawa nzi wa njano ni wa nani?"

"Nilikuambia, mkubwa. Wa Kanini."

"Ulimwona akiwafunga."

"Kabisa."

"Jumatano."

"Jumatano."

"Jumatano ulikuwa Nairobi, Ben. Na Kanini alikuwa wodini. Hizi nzi zilifungwa na hawa kina mama, na kila mtu katika chumba hiki alilijua hilo, hata Kanini mwenyewe. Mtu yeyote kati yao akitaka kumsingizia Kanini hangechukua nzi yenye kichwa cha Kaveke. Angechukua ile nyeusi." Alisogea karibu, akazungumza kwa upole, kama anamweleza mtu njia. "Aliyechukua ya njano alifungua stoo, akasoma namba kwa boksi, akaamini namba. Mtu wa kuamini hiyo namba hapa ni mmoja tu. Wewe hukuwako."

"Mbithi pia ana ufunguo."

"Kweli. Ajipige mwenyewe kichwani, kisha ajibandike nzi begani kwa unadhifu, halafu arudishe ufunguo mfukoni?"

Nje pikipiki ilizimwa, na Filsan akaingia akikumbatia gunia. Alilegeza mdomo wa gunia, na manyoya marefu ya shingo za majogoo, ya kahawia, ya kijivu, ya dhahabu, yakachungulia nje. Yalikuwa chini ya kitanda cha Ben, alisema baadaye, yamefunikwa nguo chafu.

"Alinikuta stoo nikiyatoa," alisema Ben kwa sauti iliyokauka. "Sikutaka kumuumiza. Alinishika mkono. Na yule Kanini alikuwa ametoka kugombana naye, wote walisikia..."

"Ndiyo," alisema Ndululu. "Wote walisikia." Akanyoosha mkono, akauvua ule ufunguo wa kamba nyekundu shingoni mwa Ben, akampa Nzisa ashike mpaka mwenye karakana atakapopata nafuu.

"Na kazi yetu, afande?" aliuliza Nzisa.

"Mbithi akiamka nitamwambia mwenyewe nani aliyempata aliyempiga. Hapo awafukuze kama ana uso."

*

Kanini alitolewa kabla jua halijazama. Askari wa zamu alimrudishia mkoba wake, leso na simu isiyo na chaji. Ndululu alimsubiri kwenye kaunta na ile bahasha mkononi.

"Hii itabaki kwangu, ni ushahidi," alisema. "Lakini nataka kujua. Ulipoitazama, ulijua ni ya nani."

"Nilijua. Kaveke nilimfundisha mimi. Bado anakaza uzi mwishoni kama anayefunga ndama." Alitabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu jana. "Nimemwambia mara ngapi."

"Na ulifikiri ni yeye alimpiga Mbithi?"

"Hata siku moja."

"Basi kwa nini useme ni yako? Ulikuwa unajitia kitanzi."

Kanini alijifunga leso kichwani. Alikuwa na haraka, wodi ilikuwa inafungwa kwa wageni saa kumi na mbili. Lakini alisimama akamjibu, kwa sababu aliulizwa kwa heshima.

"Afande, nilirudi Ijumaa asubuhi nikijua nimefutwa. Nzisa akaniambia boksi limejaa. Walikuwa wamefanya hiyo yote hata mimi sijaomba." Aliinua mkoba wake. "Sasa uniletee nzi ya hilo boksi, uniulize kama ni yangu. Ningekuambia si yangu?"

Akashuka ngazi, akaenda kwa mtoto wake.